Binti yangu wa miaka minane anahamia shule ya msingi ya wasichana pekee. Niangalie nini?

Mama_Pendo

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naomba mawazo ya waliowahi kusomesha au kufundisha katika shule za msingi za wasichana.

Tumehama makazi, na shule iliyo karibu nasi, ambayo kila jirani anaisifia, ni ya wasichana tu kuanzia darasa la awali hadi la mwisho. Binti yangu ana miaka minane na kule alikotoka walisoma mchanganyiko. Nyumbani ni msemaji, anasoma hadithi kwa sauti, anamsahihisha mdogo wake. Lakini mwalimu wake wa zamani aliniambia kwamba darasani hanyooshi mkono hata akiwa na jibu. Na hisabati ameanza kuikataa. Juzi tu ameniambia, "Mama, mimi hesabu siyo zangu." Miaka minane, jamani!

Nyumbani kwetu ushauri umegawanyika. Dada yangu anasema shule ya wasichana itamfungua mdomo. Kaka yangu anasema nitamfungia mtoto, atakua hajui kuishi na wavulana. Halafu kuna mama mmoja tulikutana naye getini pale shuleni, akaniambia nijiandae kwa magomvi ya makundi: leo fulani ni rafiki wa kufa na kuzikana, kesho amemchunia, na walimu hawaoni kitu kwa sababu hakuna aliyempiga mwenzake.

Nimepewa ruhusa ya kuitembelea shule asubuhi moja kabla hajaanza. Nisingependa kuonyeshwa ukumbi na vikombe vya ushindi kisha nirudi nyumbani kama nilivyokwenda. Niangalie nini hasa? Nimuulize nani?

---

BabaMapacha

Mama Pendo, mabinti zangu wawili wako katika shule ya aina hiyo na wanaendelea vizuri, kwa hiyo punguza hofu kidogo.

Kilichonishangaza mimi ni jinsi walivyoanza kuwataja wasichana wa madarasa ya juu kwa majina, kana kwamba ni ndugu. "Dada fulani ametuonyesha hivi, dada fulani amesema vile." Kumbe shuleni kwao kila anayeingia mgeni anakabidhiwa kwa dada mkubwa mmoja, anamwonyesha choo kilipo, maktaba, mahali pa kusimama mstarini asubuhi. Uliza kama kwenu wanao utaratibu huo, na huyo dada anamwangalia mtoto kwa muda gani. Siku moja haitoshi.

Ushauri wangu mwingine: hakikisha unakuwapo wakati wa mapumziko. Darasani kila mtu anajipanga akimwona mgeni. Uwanjani watoto wanasahau kuwa upo.

---

Mwalimu_wa_Zamu

Marahaba, Mama Pendo. Nimefundisha shule za mchanganyiko na za wasichana, na kazi yangu kubwa imekuwa madarasa ya chini, watoto wa miaka sita hadi kumi. Nitakujibu kwa urefu, nivumilie.

Nianze na la dada yako. Kuwaweka wasichana peke yao hakumfundishi mtoto hesabu. Mwaka 2014 watafiti watatu wa Marekani, Erin Pahlke, Janet Hyde na Carlie Allison, walitoa kazi iliyokusanya tafiti 184 zenye wanafunzi milioni 1.6 kutoka nchi 21, wakilinganisha shule za jinsia moja na za mchanganyiko. Katika zile tafiti zilizofanywa kwa uangalifu, yaani zilizozingatia kwamba wazazi wanaochagua shule hizi mara nyingi wana hali tofauti na wengine, tofauti ya matokeo ilikuwa ndogo mno au haikuonekana kabisa. Kwa hiyo mtu akikuambia wasichana wakiwa peke yao wanafaulu zaidi, muulize wanafanya nini humo ndani.

Mimi nazipenda shule hizi kwa dhati, na sababu yangu ni hii. Katika shule ya wasichana pekee, kila kazi ya wanafunzi lazima ifanywe na msichana, maana hakuna mwingine wa kuifanya. Anayepiga kengele ni msichana. Meza zikihamishwa, wanahamisha wao. Projekta ikigoma, anayeinama chini ya meza kuchomeka nyaya upya ni msichana wa darasa la sita. Golikipa ni msichana, refa ni msichana, anayelichekesha darasa mpaka mwalimu ashindwe kujizuia naye ni msichana. Mtoto wa miaka saba akiyaona haya kila siku, mwisho hayamshangazi tena. Hapo ndipo shule hizi zinapofanya kazi ambayo hakuna kitabu kinachoweza kuifanya.

Lakini jambo hilo haliji lenyewe. Nimewahi kuingia shule ambako benchi likitakiwa kusogezwa anaitwa mlinzi, na kompyuta haiguswi ila na mwalimu. Wasichana wamekaa, mikono mapajani, wanasubiri kuhudumiwa. Shule ya namna hiyo imejinyima faida yake yenyewe, hata kama majengo yake yanang'aa.

Kwa hiyo asubuhi yako ikifika, tazama mikono. Nani ameshika nini? Omba uonyeshwe kabati la vifaa vya sayansi. Sumaku, mizani, lenzi, vikombe vya kupimia: kama vimepangwa safi na karatasi zake za dukani bado zimevifunika, shukuru na uendelee kuuliza maswali magumu. Kama vina mikwaruzo na kimoja kimefungwa kwa gundi, umefika mahali pazuri. Angalia pia matofali ya kuchezea na vifaa vya kujengea katika madarasa ya chini. Kujenga, kubomoa na kugeuza maumbo ni mazoezi ya akili ambayo baadaye mtoto anayahitaji kwenye jiometri, na wasichana wengi hawapewi vitu hivyo nyumbani. Shule ya wasichana inayoijua kazi yake inavyo, na imeviweka chini, mahali ambapo mtoto anavifikia bila kuomba.

Sasa suala la mkono usionyooka. Hilo nalijua vizuri, na mara nyingi mwenye kulitatua ni mwalimu, mtoto hana kosa. Mtafiti mmoja wa Marekani, Mary Budd Rowe, katika miaka ya 1970 aliandika alichokiona alipopima muda ambao walimu wanasubiri baada ya kuuliza swali. Ulikuwa kama sekunde moja tu. Walimu walipojizuia wakasubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu, waliokuwa hawasemi wakaanza kusema, na wanafunzi wakauliza maswali yao wenyewe. Sekunde tatu! Ukikaa nyuma ya darasa, mwalimu akiuliza, anza kuhesabu kimoyomoyo. Mwalimu anayeweza kunyamaza, akatazama darasa zima bila kumwita yule yule aliyezoea kujibu, ndiye atakayemsikia binti yako. Wengine wanatumia vibao vidogo vya kuandikia: kila mtoto anaandika jibu lake, wote wanainua kwa pamoja. Mtoto mwoga anaupenda utaratibu huo kwa sababu hasimami peke yake.

Na lile la "hesabu siyo zangu" ndilo lililonifanya nikuandikie usiku huu. Usilichukulie kama maneno ya mtoto tu. Mwaka 2017 Lin Bian, Sarah-Jane Leslie na Andrei Cimpian walichapisha utafiti uliofanywa Marekani kwa watoto wadogo. Wakiwa na miaka mitano, wasichana na wavulana wote walikuwa tayari kuamini kwamba mtu mwenye akili nyingi sana anaweza kuwa wa jinsia yao. Kufikia miaka sita na saba, wasichana wengi walikuwa wameanza kulihama wazo hilo, na michezo iliyoelezwa kuwa ni ya watoto wenye akili nyingi haikuwavutia tena kama ilivyowavutia wavulana. Miaka sita! Mtoto hata meno ya mbele hayajakamilika. Kwa hiyo binti yako hajachelewa wala hajaharibika. Amesikia kitu ambacho wenzake wengi wamekisikia.

Amekisikia wapi? Wakati mwingine kwetu sisi walimu. Mwaka 2010 Sian Beilock na wenzake walifuatilia walimu wa kike wa madarasa mawili ya mwanzo. Pale mwalimu alipokuwa na hofu kubwa ya hisabati, ifikapo mwisho wa mwaka wasichana wa darasa lake walielekea zaidi kuamini kwamba wavulana ni wa hesabu na wasichana ni wa kusoma, na wasichana walioamini hivyo ndio waliofanya vibaya kwenye hesabu. Wavulana wa darasa hilo hilo hawakuguswa. Katika shule za wasichana, walimu wa madarasa ya chini mara nyingi ni wanawake, kwa hiyo jambo hili linatuhusu zaidi kuliko shule nyingine yoyote. Usimuulize mwalimu kama anaipenda hisabati, atakujibu ndiyo. Msikilize anavyofundisha. Je, anaharakisha somo la sehemu, zile nusu na robo, ili aikimbilie insha? Anasema "hii ngumu, lakini tutajitahidi hivyo hivyo"? Au akikwama ubaoni anasimama, anasema "subirini, hapa nimeruka hatua, nani ameiona?" Huyo wa mwisho mng'ang'anie.

Na nyumbani, mama yangu, nakuomba jambo moja: asisikie mtu mzima akisema "hata mimi hesabu zilinishinda, umerithi." Linasemwa kwa upendo, lakini mtoto analishika kama hukumu.

Nikija kwenye makundi. Yule mama wa getini amekuambia kweli. Ugomvi wa wasichana wadogo mara nyingi hauna kofi wala tusi. Una mgongo uliogeuzwa, nafasi iliyokaliwa haraka ili fulani asikae, siri iliyonong'onwa huku mtu akitazamwa, na lile neno linalouma kuliko yote, "hatuchezi na wewe." Mwaka 1995 Nicki Crick na Jennifer Grotpeter waliandika kuhusu ukali wa aina hii, unaopitia kwenye urafiki wenyewe, na wakaonyesha kwamba unaumiza kweli. Wavulana nao wanaufanya, tusidanganyane, ila katika shule ya wasichana hauwezi kufunikwa na kelele za mieleka, kwa hiyo unaonekana wazi kwa mwalimu mwenye macho.

Nikupe mfano. Kulikuwa na msichana wa darasa la tatu, hodari, mcheshi, mwenye kamba nzuri ya kuruka. Kamba ilikuwa yake, basi yeye ndiye aliyeamua nani anaruka, nani anazungusha, na nani anatazama tu. Wako waliokuwa wanazungusha kila siku bila kuruka hata mara moja, na walikubali, maana kuzungusha ni afadhali kuliko kusimama ukutani. Hakuna aliyelia, kwa hiyo hakuna aliyeitwa ofisini. Mwalimu wa zamu alipoliona hakumgombeza mtu. Alitafuta kamba kadhaa, akaziweka kwenye kapu karibu na mlango, zikawa mali ya shule: unachukua, unacheza, kengele ikilia unarudisha. Kamba za nyumbani zikabaki nyumbani. Yule msichana naye akapewa kazi ya kuwafundisha watoto wa darasa la kwanza kuruka, na kwa kipaji chake cha kuamrisha watu aliifanya vizuri mno. Alikuwa anawapanga kwa zamu, kwa haki kabisa.

Nimekieleza kisa hiki kwa sababu kinaonyesha unachopaswa kukitafuta: walimu wanaosoma uwanja kama wanavyosoma daftari. Uliza: wakati wa mapumziko mwalimu wa zamu anasimama wapi? Kama jibu ni "barazani", hatoshi. Uliza nani anaamua mtoto akae na nani darasani, na kama nafasi zinabadilishwa mara kwa mara. Uliza kama wana kikao cha darasa ambapo watoto wenyewe wanaleta mashauri yao, na kama mtoto aliyeshuhudia anafundishwa la kufanya. Mwaka 1996 Christina Salmivalli na wenzake wa Finland walionyesha kwamba katika uonevu darasani karibu kila mtoto ana nafasi: yuko anayesaidia, anayecheka, anayetetea, na anayejifanya hakuona. Wanaotazama ndio wengi, na ndio wanaoweza kuumaliza. Mtoto wa miaka minane anaweza kufundishwa sentensi moja tu, "njoo ucheze na sisi," na wakati wa kuitumia.

Kuna njia nyingine ninayoipenda sana, ya kazi za vikundi ambapo kila mtoto anapewa kipande chake cha somo ambacho wenzake hawana, kisha anawafundisha. Elliot Aronson aliianzisha mwaka 1971 katika mji wa Austin, Marekani, shule zilipokuwa zimeanza kuchanganya watoto wa rangi tofauti na uhasama ulikuwa mkali. Uzuri wake ni kwamba hata yule unayemchunia, leo unamhitaji, kwa kuwa yeye peke yake ndiye anayejua sehemu ya tatu ya somo. Na mtoto mkimya analazimika kusema, lakini anasema mbele ya wanne, siyo mbele ya arobaini. Ukikuta walimu wanaifanya, kwa jina lolote wanaloliita, nafikiri binti yako atafunguka.

La kaka yako kuhusu wavulana sitalikalia sana. Mtoto ana binamu, ana majirani, ana nyumba ya ibada, ana mtaa. Hakikisha tu anacheza na wavulana jioni na siku za mapumziko, na kwamba shule haiwaongelei wavulana kama wanyama wakali au kama zawadi ya baadaye. Ukisikia mwalimu anawaambia watoto wa miaka minane "msichana hakai hivyo, wavulana watakuonaje," hapo pana kasoro, tena kubwa.

---

Aliyesoma_Huko

Nimesoma kwa heshima maelezo ya Mwalimu, lakini naomba Mama Pendo asikie na upande wangu.

Mimi nimesoma shule ya msingi ya wasichana tangu mwanzo hadi mwisho. Tulikuwa na usafi wa ajabu. Daftari zetu zilipigwa mistari kwa rula, mwandiko kama wa kitabu, mstari wa asubuhi hakuna anayekohoa. Wageni walikuwa wanatupigia makofi kwa kunyamaza. Na tulifaulu. Lakini nilipoingia sekondari nilikuwa naogopa kukosea kuliko kitu chochote duniani. Nilikuwa naandika jibu pembeni kwa penseli nyepesi, nalifuta, nasubiri mwingine aseme kwanza. Hakuna mwalimu aliyetupiga au kututukana. Walitusifia tu, kila mara, kwa utulivu na unadhifu, mpaka tukaamini hiyo ndiyo kazi ya msichana shuleni.

Kwa hiyo ukiona shule imetulia sana, dada, usifurahi haraka. Uliza imetulia kwa gharama gani.

---

Mwalimu_wa_Zamu

Nakushukuru sana kwa kulisema hili, na wala halipingani na langu. Umeugusa ugonjwa ambao shule za wasichana zinaupata kirahisi kuliko nyingine. Wasichana wadogo wengi huja wakiwa tayari wamezoezwa kutulia, na kwa mwalimu aliyechoka, darasa la watoto wanaotulia wenyewe ni raha kubwa. Akianza kuwasifia kwa utulivu huo, hawatauacha.

Mama Pendo, kwa hili omba kuona daftari. Siyo lile la maonyesho, omba yale yaliyo kwenye rundo yakisubiri kusahihishwa. Fungua ya hisabati. Tafuta mahali mtoto alipokosea, ukaangalie kilichofuata. Kama kuna alama ya mkasi tu na ukurasa mpya safi, mtoto amejifunza kukimbia kosa. Kama kosa limeachwa palepale, chini yake pana jaribio la pili, labda na maneno ya mwalimu, "umefika karibu, tazama mstari wa pili," basi humo wanaruhusiwa kufikiri. Fungua na insha. Zikiwa zote zinaanza kwa sentensi moja na kuishia kwa sentensi moja, watoto wananakili ubao.

Halafu sikiliza sifa zinazotolewa. Katika asubuhi nzima, mwalimu amemsifia mtoto yeyote kwa swali alilouliza? Kwa kubishana kwa hoja? Kwa kubadili mawazo? Au sifa zote zimekwenda kwa waliokaa vizuri?

Kelele nazo zina aina zake. Darasa la watoto thelathini wanaopima urefu wa meza kwa vijiti haliwezi kuwa kimya, na mkuu wa shule anayepita dirishani bila kukunja uso ni mkuu wa kumpenda.

---

Mama_Pendo

Mwalimu, Mungu akubariki, nimeyanakili yote kwenye daftari. Na wewe uliyesoma huko, umenigusa, maana binti yangu naye darasani ni mtulivu na kila mtu anamsifia kwa hilo, mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza.

Nina mawili yamebaki. La kwanza naona haya kidogo kuuliza: ana miaka minane, je, ni mapema mno kuiuliza shule kuhusu mambo ya kukua? La pili, wiki za mwanzo nimsaidieje bila kumganda?

---

Mwalimu_wa_Zamu

Usione haya hata kidogo, na si mapema. Mabadiliko ya mwili kwa wasichana huanza wakati wowote kati ya miaka minane na kumi na mitatu, na wote hao ni wazima. Wengi huvunja ungo wakiwa na miaka kama kumi na miwili, lakini katika kila shule ya msingi wapo wanaowahi, hata wakiwa na miaka tisa au kumi. Huyo anayewahi ndiye wa kumfikiria, kwa sababu asipoambiwa mapema atadhani ameumia au anaumwa, na atakaa na hofu hiyo peke yake mpaka kengele ya kwenda nyumbani.

Muulize mwalimu wa malezi mambo ya wazi kabisa. Pedi zinawekwa wapi? Mtoto akizihitaji anamwomba nani, na je, analazimika kuomba mbele ya darasa? Zipo shule zinazoziweka kwenye kabati dogo chooni, mtoto anachukua bila kumweleza mtu; huo ndio utaratibu bora niliowahi kuuona. Kuna sketi ya akiba? Mazungumzo ya kukua yanaanza darasa la ngapi? Wakisema la mwisho, waambie kwa adabu kwamba wamechelewa. Kisha nenda chooni mwenyewe. Mlango una komeo linalofungwa kwa ndani? Maji yapo? Pipa la taka lina kifuniko? Nikipewa dakika kumi tu za kuipima shule ya wasichana, nitazitumia chooni na uwanjani, ofisi ya mkuu nitaiacha. Wapo wasichana wanaojizuia kunywa maji kutwa nzima ili wasikanyage choo cha shule, na mtoto mwenye kiu hasomi.

Hapa pia shule ya wasichana ina nafasi nzuri: mambo haya yanaweza kuongelewa kama yanavyoongelewa meno na macho, bila mtu wa kuchekea pembeni. Wasichana wa madarasa ya juu wakiwa wamelelewa hivyo, ndio wanaomsaidia mdogo aliyeshtuka, hata kabla mwalimu hajajua. Nimewaona wakimzunguka mwenzao aliyechafua sketi, wakatembea naye kama kundi la kawaida mpaka ofisini, na uwanja mzima haukutambua kitu.

Kuhusu wiki za mwanzo. Akirudi nyumbani usimuulize "umepata rafiki?" Kila siku akijibu hapana, swali lenyewe linageuka mzigo. Muulize leo alicheza wapi, alikaa karibu na nani, nani alichekesha darasa, yeye alipewa kazi gani. Majina yatatokea yenyewe. Likijirudia jina moja, mwalike mtoto huyo nyumbani, mmoja tu, siyo kundi. Mtoto mkimya anafunguka kwa mtu mmoja mmoja.

Mwombe mwalimu wa darasa ampe jukumu tangu wiki ya kwanza, hata dogo: kugawa daftari, kufuta ubao, kumwagilia miche. Mgeni mwenye kazi ana sababu ya kumsogelea kila mtu na kusemeshwa na kila mtu, wala hahitaji kubuni la kusema.

Na akiniambia mzazi kwamba mtoto wake anatengwa, huwa namwomba anipe habari za kufanyia kazi: siku gani, mahali gani, neno gani lilisemwa, nani alikuwa karibu. "Wanamwonea" peke yake haliniwezeshi kitu, lakini "Jumanne, kwenye mabomba, waliambizana asipewe nafasi" linanipeleka moja kwa moja mahali pa kusimama kesho yake. Andika hivyo, umpe mwalimu wa darasa kwanza. Usimpigie mzazi wa yule mtoto mwingine. Watoto hupatana kabla ya jua kuzama, ila wazazi wakishaingia wananuniana mwaka mzima, na watoto wanalazimika kufuata. Mpe mwalimu wiki mbili za kulishughulikia, kisha rudi umuulize amebadilisha nini. Akikosa jibu, nenda kwa mkuu wa shule, ukiwa na maandishi yako mkononi.